Kipande Alichokivaa Nassibu

Zamoyoni alikuwa na jicho moja, na mtu akimuuliza la pili limekwenda wapi alijibu, "Liko sinema." Watu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Mimi nilikuwepo siku lilipotoka, nimesimama mlangoni na sinia langu la karanga, na damu yake niliikanyaga kwa kandambili zangu mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu hapa na kihelehele chake akaniambia, "Mama Mageni, haikuwa hivyo." Ilikuwa hivyo.

Alikuwa Mzaramo, kaletwa Shinyanga na kazi ya kuendesha mashine ya sinema. Mimi ni Msukuma wa hapahapa mtaa wa Kambarage. Mzaramo na Msukuma ni watani, hilo halihitaji kufundishwa. Nilimwita mla nazi asiyejua mpini wa jembe, naye aliniita mla michembe, viazi vikavu, niliyezaliwa zizini. Tulitukanana hivyo kila jioni kabla ya shoo, miaka na miaka, na siku tuliyokosa kutukanana ujue mmoja wetu anaumwa. Mkewe alipofariki, mimi ndiye niliyezuia jeneza mlangoni. Nikamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea kwa madaha, mkono kiunoni, mpaka Zamoyoni mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anamwigiza aliyekufa ili waliobaki wapate kuvuta pumzi.

Mke aliacha mtoto mmoja wa kiume, Nassibu, angali ananyonya. Zamoyoni hakuoa tena.

Sasa hiyo sinema. Mwaka wa sitini na sita mwenye jumba alinunua filamu moja, akaileta iwe yetu moja kwa moja, si ya kukodi. Ilikuwa ya lugha ya Ulaya ambayo hata waliosoma hawakuifahamu, na jina lake halisi hatukulijua. Sisi tuliiita Skafu Nyekundu, kwa sababu stelingi, yule shujaa wake, alifunga skafu nyekundu shingoni. Skafu anafika kijiji kimoja cha wachimba mawe, anakuta majambazi wamewatawala watu kwa bunduki. Anapigana nao, ngumi, visu, farasi, mpaka mwishoni anabaki peke yake katikati ya barabara na majambazi wamejipanga mbele yake. Hana silaha. Anafungua shati, anaonyesha kifua, anawaendea taratibu. Wanafyatua.

Na Skafu anakufa.

Loo! Risasi zinamwingia, shati linalowa, anapiga magoti, anaanguka kifudifudi na vumbi linamfunika. Baadaye wanakijiji wanaamka, wanawamaliza majambazi kwa mawe, wanacheza wakiinua ile skafu juu. Lakini nani aliitazama ngoma? Mtu mmoja alipaza sauti, "Stelingi hafi!" Wengine wakadakia. "Stelingi hafi! Turudishieni hela zetu!" Mabenchi yakaanza kuruka. Kibarua mmoja wa kiwanda cha pamba alipigwa na mguu wa benchi, mbavu zikalia kama kuni kavu. Pazia likachanwa. Wakapanda ngazi, wakamburuta Zamoyoni kutoka chumba cha mashine kana kwamba yeye ndiye aliyemuua mtu wao, na mmoja akamchoma chupa ya soda iliyovunjika usoni. Mimi nililaza sinia chini nikawapiga kwa mwiko wa kukaangia, na nilimpasua mmoja, wala sijutii.

Alipotoka hospitali na bandeji usoni, Zamoyoni alichukua mkasi. Akakata tangu risasi zinapotoka mpaka Skafu anapolala vumbini, akaunganisha moshi wa bunduki na ile ngoma. Kifo chote kilikuwa kifupi, muda wa kumeza matonge mawili matatu. Akakivingirisha, akakitia kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, akalisukuma uvunguni. Tangu siku hiyo Skafu hakufa tena Shinyanga. Bunduki zinalia, moshi unapanda, halafu watu wanacheza. Yeye mwenyewe haonekani, lakini skafu yake iko juu, na kila mtu aliamini yumo humo katikati anacheza.

Filamu ikawa ya mji. Kila Idi na kila Krismasi inaonyeshwa, watoto wanakua nayo, wanaoa, wanaleta watoto wao. Wale waliokuwepo mwaka ule wengi walihama au waliamua kusahau.

Eustace hakusahau. Huyu alikuwa fundi wa reli, bonge la mtu, mikono yake kama magogo. Mwaka huohuo wa sitini na sita kaka yake aliuawa na wezi wa ng'ombe, akakutwa porini siku ya pili, fisi wamemtangulia. Hakuna aliyemwona akifa. Eustace aliniambia, "Mama Mageni, siku ile nilipomwona Skafu anaanguka, ndipo nilipomlilia kaka yangu. Wakanikatia." Basi kila shoo alikuwepo, kiti cha mbele, na kila ikifika moshi wa bunduki alisimama na kunguruma, "Zamoyoni! Mwizi wee! Rudisha kifo chake!" Vijana wanamzomea, wanamwita mzee mwongo. Krismasi moja alimpiga kijana mmoja ngumi, kijana akatema meno mawili kwenye karanga zangu. Polisi walimjua kwa jina.

Zamoyoni hakusimamisha mashine hata mara moja. Nilimwambia, "Mla nazi, mwonyeshe basi huyu mwendawazimu hicho kipande, apone." Akajibu, "Nina jicho moja tu lililobaki."

Na kulikuwa na sababu nyingine. Nassibu. Mtoto huyu hakuwa na mama, alikulia chumba cha mashine, kalala juu ya mifuko ya filamu. Skafu ndiye aliyekuwa mchezo wake na ndugu yake. Akifungua shati kifua mbele, akimfuata mbwa wa jirani taratibu, mbwa anakimbia. Akipigana shuleni anafungua shati. Wakubwa zake wakimpiga, halii, anazidi kuwaendea. Baba yake akitazama hivi anacheka, na mimi nacheka. Nani angemwambia mtoto wa namna ile kwamba Skafu amekufa? Tulimwacha. Naapa, kicheko chetu kile nakisikia mpaka leo.

Miaka ya themanini maisha yakakaza kamba. Sukari hakuna, sabuni hakuna, kipande cha khanga mtu anaolea mke. Vijana wakasikia dhahabu imetoka Bulyanhulu, wakakimbilia huko na sululu. Nassibu naye akaenda, skafu nyekundu shingoni. Mimi nikabeba sufuria zangu nikafuata, nikafungua banda la ugali na maharage. Mjane haogopi vumbi.

Kule hapakuwa na sheria. Watu wanachimba shimo, wenyewe wanaliita duara, na duara likitema dhahabu leo, kesho wanakuja wenzao na mapanga kulitaka. Nimeona mtu kapigwa mtarimbo kichwani akiwa na tonge mkononi. Nimeona mtu kafukiwa shimoni akiwa hai, wenzake wanamsikia wakiwa juu wanapigania kamba. Sisemi haya kwa kutisha mtu. Nayasema kwa sababu Nassibu aliyapenda.

Alikuwa kundi la mtu mmoja anaitwa Makoye, jitu la maneno machache, lililokuwa na duara zuri kuliko yote upande ule. Siku moja kundi la jirani walikuja na gobore. Watu wote wa Makoye walirudi nyuma. Nassibu akafungua shati. Akawaendea taratibu, tabasamu usoni. Yule mwenye gobore akafyatua, likalia "ta!" bila moto. Mvua ilinyesha usiku wake, baruti ililowa, hata kuku angejua. Lakini nani kambini alitaka kusikia habari za baruti? Yule mtu alitupa gobore akakimbia, na kuanzia jioni ile Nassibu aliitwa Skafu.

Baada ya wiki vijana wote wa Makoye wakaanza kuvaa hirizi mkononi, ngozi nyeusi iliyoshonwa kama kitumba cha tumbaku. Alizishona Mbuke, mganga wa kambini. Nikawauliza kuna nini ndani, wakasema siri. Nikawaacha. Kila mtu na dini yake.

Kijana mmoja, Donatus, alikuwa akila kwangu kila siku. Watu wakaja tena na mapanga, na Donatus akawafuata kifua wazi akimwiga Nassibu. Panga likampata mkononi, juu kidogo ya kiwiko, likapitiliza ngozi na hirizi na mfupa. Walimleta kwenye banda langu kwa sababu ndilo lililokuwa na maji. Nilimfunga kwa khanga, damu ikapita khanga kana kwamba haipo. Akawa ananiangalia, ananiambia, "Mama, haliingii. Haliingii, mama." Alikata roho kichwa chake kikiwa juu ya magoti yangu.

Nilipomfungua khanga ile hirizi ilidondoka, imepasuka. Ndani mlikuwa na kipande cha filamu kimevingirishwa.

Mimi nimekaa mlango wa sinema zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilikinyanyua juani. Picha ndogondogo kama kucha, kila moja inafanana na jirani yake, na katika kila moja mtu mwenye skafu nyekundu, na shati lake limelowa. Nilipanda lori la kwanza kurudi Shinyanga, sufuria nikaziacha motoni.

Zamoyoni alikitazama mara moja tu. Aliinama uvunguni, akatoa kopo la Kimbo. Lilikuwa na kokoto. Nassibu alikuwa amechukua ile filamu siku anaondoka, akaweka kokoto ili kopo lisipungue uzito.

"Alijua naficha kitu cha Skafu," alisema Zamoyoni. "Akaona kinachofichwa kina nguvu."

"Na nguvu unaijua," nikamwambia. "Mtoto wako amewafunga wenzake kifo mkononi, na yeye amejifunga. Inuka, mla nazi! Leo si siku ya kukaa."

Tulikwenda watatu, maana Eustace alipopata habari hakungoja kualikwa. Tulimkuta Nassibu kando ya duara, matope mpaka kope. Alimwamkia baba yake, "Shikamoo baba," kwa adabu zote, akamwamkia na Eustace. Zamoyoni akamweleza mbele ya watu, wazi, tangu mwanzo: chupa, jicho, mkasi. Akamwambia, "Mlichovaa ni pale anapokufa. Ni mauti yenyewe hiyo. Vua, mwanangu."

Nassibu alikishika kipande cha Donatus, akakitazama juani. "Mbona amepiga magoti tu, baba? Anasali. Kupiga magoti si kufa."

"Anaanguka baada ya hapo."

"Nimeiona sinema hii tangu natambaa. Wewe ndiye uliyenionyesha. Leo unaniambia siyo?" Akacheka, akamrudishia kile kipande. "Basi nionyeshe. Nionyeshe kwenye pazia, inatembea, nimwone anaanguka kwa macho yangu. Nikimwona, naivua siku hiyohiyo na narudi nyumbani."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu, baba."

Tukaanza kutafuta vipande. Waliosikia habari wakaogopa, wakazikata hirizi wenyewe wakatuletea; wengine walitutukana. Wawili waliuawa kwenye vurugu za duara la chini, na Zamoyoni alikwenda kwenye miili yao kabla haijafunikwa, akapiga magoti, akafumua nyuzi za hirizi kwa wembe huku inzi wanamtua kwenye jicho lile bovu. Eustace alikuwa akipokea, anafuta damu kwa shati lake, anapanga vipande juu ya turubai, kipi kinatangulia kipi kinafuata. Niliona anatabasamu. Nilimchukia dakika ile, Mungu anisamehe.

Makoye hakutaka. Watu wake walikuwa wameanza kusita, na watu wanaosita hawalindi duara. Nassibu alikuwa chini shimoni wakati Makoye alipomkamata Zamoyoni, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kupondea, na akaupiga kwa nyundo. Mara moja. Nilisikia vidole vikivunjika nikiwa bandani kwangu, na yule mtu wa pwani alilia kwa Kizaramo, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema. Eustace alimrukia, watu wakamwangusha wakamkalia.

Nassibu alitolewa shimoni kwa kamba. Alipoona mkono wa baba yake hakufungua shati safari hii. Alimpiga Makoye kichwa cha pua, akampiga mpaka uso ukawa hauna mbele wala nyuma, na lau si mimi kumvuta skafu angemuua. Makoye alifukuzwa kambini akitambaa. Duara likawa la Nassibu, na watu wote wakamfuata yeye.

"Sasa nipe na yako," Zamoyoni akamwambia, mkono umefungwa kwa khanga yangu. Baada ya nyundo ile hata waliotutukana walileta vyao. Kilibaki kimoja tu, cha Nassibu, na Eustace alikuwa ameshapanga vingine vyote. Kilichokosekana ni pale anapoanguka.

"Siitoi mpaka nione."

"Hutaona mpaka uitoe!"

"Baba, wewe ulinikatia sinema miaka yote hii, leo unataka nikuamini kwa neno?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ilikuwa Idi ya mfungo mosi. Zamoyoni hakuweza kushika gundi, kwa hiyo Eustace ndiye aliyeunganisha, mikono ile ya kukaza mataruma ya reli inashika vipande vya filamu kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Jumba lilifurika saa kumi alasiri. Nassibu alikuja kama alivyoahidi, akakaa katikati na vijana wake.

Bunduki zikalia. Moshi. Na kwa mara ya kwanza tangu sitini na sita, moshi ukaondoka na Skafu akawa bado yupo. Watu walishtuka. Risasi inamwingia begani, inamwingia kifuani. Madoa meusi yalikuwa yanapita kwenye pazia, damu ya Donatus na ya wale wengine, ambayo haikutoka kwa kufutwa. Skafu akalowa. Akayumba. Akapiga magoti, akainua uso, akatutazama.

Halafu watu wanacheza, skafu iko juu.

"Ameamka!" mtu akapiga kelele. "Mmeona? Kapigwa risasi zote na ameamka!" Jumba likalipuka kwa vifijo. Walikuwa wameona kitu kikubwa kuliko kile cha zamani. Nassibu alisimama juu ya benchi, akageuka kuelekea chumba cha mashine, akafungua shati. "Baba!" alisema anacheka, "si nilikuambia anasali?" Wakambeba mabegani mpaka nje.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nyuma kabisa, kwenye giza la ukuta, alikuwa amesimama mtu mmoja aliyejifunika shuka mpaka kichwani. Alipopita kwangu niliona uso usio na pua. Makoye alikuwa hapigi vifijo. Aliuliza kwa upole kabisa, "Mama, ile ni damu, siyo?"

Kwa ghadhabu nikamjibu, "Ni damu! Tena ni kifo! Ninyi tu ndio vipofu." Laiti ningeumwa na nyoka kwenye ulimi.

Hazikupita wiki nyingi. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye banda langu. Kundi likatokea upande wa mawe, Makoye mbele, na gobore lake limefungwa kitambaa kikavu. Vijana wa Nassibu wakashangilia. Nassibu akafungua shati. Nilipiga yowe, nikamwita kwa jina la mama yake, nikamwita ng'wanawane, mwanangu, nikakimbia na mwiko mkononi. Hakugeuka. Alitembea taratibu kama alivyojifunza. Wale waliokuwa na Makoye walianza kurudi nyuma, kwa kuwa walimwogopa. Makoye peke yake hakurudi. Alimngoja mpaka akawa karibu kama mimi na wewe hapa.

"Nimeiona sinema," Makoye akasema, akafyatua.

Nassibu alipiga magoti. Nilimwona akishangaa. Aliutazama mkono wake wenye hirizi, halafu akaanguka kifudifudi. Baada ya hapo vijana wake walimkatakata Makoye kwa mapanga na sululu, na sikuondoa macho.

Tulimrudisha Shinyanga juu ya lori la pamba, kalazwa kwenye marobota, na pamba chini yake ilikuwa nyekundu mpaka tunafika. Zamoyoni alimwosha mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Aliniambia baadaye kwamba alipofika kwenye mkono wenye hirizi aliwaomba wenzake watoke kidogo. Aliikata kwa meno.

Jeneza lilipotoka, watu walinitazama. Mimi ndiye mtani. Nilipaswa kusimama mlangoni, nifungue vifungo viwili vya blauzi, nitembee taratibu kifua mbele nimwigize, watu wacheke, baba yake apumue. Nilisimama. Nikashika kifungo. Mikono ikagoma. Zamoyoni alinitazama kwa lile jicho lake, akaningoja, na mimi nikaondoka njiani nikalipisha jeneza kama mtu baki. Hilo ndilo jambo ambalo sikumfanyia.

Idi ya mfungo tatu ikafika. Mwenye jumba alitaka kuweka filamu nyingine. Zamoyoni akakataa, akasema ni Skafu au atavunja mashine. Saa kumi watu walijaa kama kawaida, na wengi walifunga skafu nyekundu kwa ajili ya Nassibu, maana mjini walikuwa wanasema kauawa kwa uchawi, hirizi ilichafuliwa, vinginevyo asingekufa. Eustace alikaa kiti chake cha mbele. Mimi niliacha sinia nikaingia ndani, jambo ambalo silifanyi.

Bunduki. Moshi. Risasi. Skafu akapiga magoti, akainua uso. Na safari hii hawakuja wachezaji. Skafu aliinama polepole, akaanguka kifudifudi, na doa moja kubwa jeusi likapita juu ya pazia zima, na vumbi likamfunika.

"Stelingi hafi!" Mtu akasema tena, sauti ileile, kama vile hakuna mwaka uliopita. "Wamekata! Hii siyo yenyewe! Tupeni ile yenyewe!" Benchi likaruka. Chupa ikapasuka ukutani.

Mashine ikasimama. Pazia likawa jeupe. Tukasikia juu kule filamu inarudishwa kwa mkono, kr-kr-kr, taratibu, mkono wa kushoto. Halafu taa ikawaka tena, na Skafu akafungua shati. Risasi. Magoti. Doa. Vumbi. Mashine ikasimama. Kr-kr-kr. Akamwonyesha tena. Watu walipiga kelele, akamwonyesha tena. Waliopanda ngazi walikuta mlango umekomelewa kwa ndani, wakaupiga mateke, na yeye akamwonyesha tena. Kelele zikapungua. Mtu mmoja akavua skafu yake, akatoka. Wakatoka wawili, wakatoka kumi. Mwisho tulibaki mimi na Eustace, na mabenchi yaliyolala.

Skafu alikuwa anaanguka bado.

Eustace alisimama. Miaka yote ile alikuwa akisimama hapo kudai kifo, na sasa alikuwa na machozi mpaka kidevuni. Akainua mikono yake kuelekea kile kitundu cha mwanga. "Zamoyoni," akasema. "Basi. Basi, ndugu yangu. Tumeona."

Sauti ikatoka juu, kavu, ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi.

"Si ulikuwa unaitaka?"

Tukamsikia anairudisha nyuma.